Kupanga na Kuendesha Shatidauni ya Kiwanda: Mwongozo kwa Msimamizi wa Matengenezo

Siku ya kwanza ya shatidauni, yaani kuzima kiwanda kwa ajili ya matengenezo, zunguka kiwanda saa nne asubuhi uhesabu mafundi walioshika spana. Usishangae wakiwa wachache. Wengine utawakuta wamesimama tu: huyu anasubiri kibali cha kazi kisainiwe, yule jukwaa lake limejengwa nusu, wa tatu ametumwa stoo kufuata gasketi (pete ya kuziba maungio yasivuje) ambayo kwenye kompyuta ipo lakini kwenye rafu haipo. Kazi yenyewe ya kufungua na kufunga mara nyingi haizidi sana muda uliokadiriwa. Kinachokula siku ni kusubiri. Siku zikishaliwa watu huanza kukimbia kufidia, na anayekimbia ndani ya kiwanda kilichofunguliwa huruka hatua za usalama. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo ya kabla ya kuzima, kisha kwenye nyakati mbili za hatari: kufungua na kuwasha.

1. Kusanya orodha, kisha ipunguze

Kila idara italeta orodha yake, na kila orodha itakuwa ndefu kupita kiasi. Ni kawaida: watu wakisikia kiwanda kinazimwa hukumbuka kila kitu kilichowakera tangu mwaka jana. Zipokee zote, kisha kaa na wazalishaji, mafundi mitambo, mafundi umeme na wakaguzi, mpitie kazi moja moja kwa swali hili: kazi hii haiwezekani kabisa kiwanda kikiwa kinaendelea? Pampu yenye mwenzake wa akiba haihitaji shatidauni. Kupaka rangi, kubadilisha taa, kusafisha mifereji, yote hayo yanaweza kufanyika wiki yoyote.

Swali la pili: nini kinatuambia kazi hii inahitajika? Jibu linaloeleweka ni mtetemo uliopanda, ukuta wa bomba uliopungua unene, mafuta yaliyopimwa yakakutwa na chembe za chuma, au muda wa ukaguzi wa kisheria wa boila na mitungi ya mgandamizo. Jibu la "tuliifungua mara iliyopita" halitoshi. Mashine isiyo na kasoro inayofunguliwa bila sababu hupata fursa ya kuharibika: uchafu unaingia, sili inakatwa ukingo, bolti moja inasahaulika.

Mkishakubaliana, fungeni orodha. Kwa kiwanda kikubwa nisingekubali tarehe ya kufunga iwe chini ya miezi sita kabla ya kuzima; kwa kiwanda kidogo wiki sita hadi nane zinatosha. Baada ya tarehe hiyo, kazi mpya iingie kwa sahihi ya meneja wa kiwanda pekee, naye aandike ni kazi gani inatoka au ni saa ngapi zinaongezwa. Sharti hilo la kuandika ndilo linalopunguza maombi. Wengi hukata tamaa wakishika kalamu.

2. Vipuri vishikwe kwa mkono

Vifaa vya kuagizwa vilivyo vikubwa, kama vile rota ya kompresa, mirija ya kibadilisha joto au vali za ukubwa usio wa kawaida, vinaweza kuchukua miezi mingi kufika, wakati mwingine mwaka mzima. Hivyo viagizwe hata kabla orodha haijafungwa. Lakini shatidauni nyingi hazicheleweshwi na rota. Huchelewa kwa sababu ya vitu vya kutoshea mfukoni, yaani gasketi, ringi za mpira, bolti na sili.

Wiki tatu kabla ya kuzima, mtume fundi atakayefanya kazi hiyo, si karani, aende stoo na karatasi yake, afungue boksi na apime. Beringi ina namba sahihi? Gasketi ni ya daraja la mgandamizo la flanji ile (ukingo mpana wa bomba unaofungwa kwa bolti), au ni ya kipenyo sawa tu? Sili ya mpira imekaa rafuni miaka mingapi? Kisha vitu vya kila kazi vifungwe kwenye sanduku lake, liandikwe namba ya kazi, liwekwe mahali pa kufikika usiku bila kumwamsha mtu mwenye funguo.

3. Tembelea kila kazi kabla ya kuiandika

Karatasi ya kazi inayoandikwa mezani hutambulika haraka: inasema "fungua pampu, badilisha beringi, funga". Iliyoandikwa na mtu aliyesimama mbele ya pampu inasema kwamba kuna bomba la mvuke linapita juu yake, hivyo winchi haiwezi kunyanyua mota moja kwa moja. Kwamba bolti mbili zimeliwa na kutu na zitahitaji kukatwa, kwa maana hiyo kibali cha moto, yaani cha kazi yenye cheche au mwali, kinatakiwa. Na kwamba taa ya eneo lile haiwaki. Mambo matatu, na kila moja lina thamani ya saa kadhaa za kusubiri.

Mkiwa hapo hapo, wekeni alama. Funga lebo yenye namba ya kazi kwenye flanji itakayofunguliwa na kwenye vali itakayotolewa. Kiwandani vali kumi husimama kwenye mstari zikifanana kama mapacha, na fundi wa mkandarasi aliyefika jana hana namna ya kujua ipi ni ipi usiku wa manane.

4. Ratiba: tafuta mnyororo mrefu, kisha panga wanaohudumia

Orodhesha kazi zinazotegemeana, halafu tafuta mnyororo mrefu kuliko yote, ule ambao ukichelewa kwa saa moja kiwanda chote kinachelewa saa moja. Mara nyingi ni boila, tanuri au kompresa kuu. Wape mafundi wako bora, zamu mbili, na msimamizi asiye na kazi nyingine. Kazi zilizo nje ya mnyororo huo zina nafasi ya kusogea. Usizirundike zote siku ya kwanza kwa sababu tu milango iko wazi.

Wapangaji wengi hupanga mafundi wakasahau wanaowahudumia. Kreni ni moja, inaombwa na kazi saba. Wajenzi wa jukwaa lazima wamtangulie fundi kwa zamu nzima. Mtu wa kupima gesi hawezi kuwa sehemu nne saa moja asubuhi. Basi ratibu kreni kwa saa kama chumba cha upasuaji, jenga majukwaa yanayowezekana kabla ya kuzima, na vibali vya asubuhi viandaliwe usiku ili zamu inapoingia ibaki kukagua eneo na kutia sahihi tu. Ukifanya haya matatu peke yake utaona tofauti kabla ya siku ya pili kuisha.

Kuna jambo la mpangilio ambalo ningelipigia kelele: vifaa ambavyo hujui hali yake ya ndani vifunguliwe kwanza. Tangi lisilokaguliwa kwa miaka kadhaa likifunguliwa siku ya kwanza na kukutwa limetoboka, una muda wa kutafuta bamba na mchomeleaji. Likifunguliwa siku ya mwisho, una muda wa kuandika barua ya kuomba radhi.

5. Kuzima na kutenga

Kuzima ni kazi ya wazalishaji, na isiharakishwe. Tanuri lenye matofali ya moto na ngoma nene ya boila vina kasi yake ya kupoa iliyowekwa na mtengenezaji. Kuipita ni kutengeneza nyufa mwenyewe. Baada ya kupoa huja kumwaga, kuosha, na kufukuza gesi kwa mvuke au nitrojeni. Kwenye mabomba ya mafuta yenye salfa, tarajia salfaidi ya chuma, tabaka jeusi linaloweza kushika moto lenyewe likikutana na hewa. Liweke katika hali ya unyevu tangu mfuniko unapofunguliwa mpaka uchafu utolewe eneo la kazi.

Kisha kutenga. Vali iliyofungwa haitoshi kumlinda mtu atakayeingia ndani ya tangi, kwa maana vali huvuja. Weka bamba la kuziba katikati ya flanji, au ondoa kipande cha bomba kabisa. Kila bamba liwe na namba, liandikwe kwenye daftari: limewekwa wapi, lini, na nani, na litakapotolewa, iandikwe hivyo hivyo. Daftari hilo ndilo litakalokuambia siku ya kuwasha kama kuna bamba lililobaki ndani.

Upande wa umeme, kila anayefanya kazi aweke kufuli lake kwenye swichi, na ufunguo ukae mfukoni mwake, si kwa msimamizi. Mafundi sita, makufuli sita. Baada ya kufunga, hakikisha kwa kupima nguvu za umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama mashine imekufa kweli. Usisahau nishati isiyotoka kwenye waya: springi iliyobanwa, mafuta ya haidroliki yenye mgandamizo, kapasita, feni inayozungushwa na upepo wa bomba la moshi, mzigo ulioning'inia.

6. Kuingia ndani ya tangi

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20.9. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, huhesabu chini ya asilimia 19.5 kuwa ni hatari, na juu ya 23.5 pia, kwa sababu hapo nguo na nywele huwaka upesi mno. Gesi ya kulipuka isifikie asilimia 10 ya kiwango chake cha chini cha kulipukia. Pima juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi nzito hukaa sakafuni na nyepesi hupanda. Na endelea kupima wakati kazi inaendelea, hasa kama watu wanakwangua tope ambalo gesi imejificha ndani yake.

Nitrojeni ndiyo inayodanganya kuliko zote. Haina rangi, haina harufu, na mwili hauhisi kukabwa. Tarehe 5 Novemba 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Valero huko Delaware City, Marekani, reakta (chombo kikubwa cha kubadilishia kemikali) ilikuwa wazi juu ikipulizwa nitrojeni wakati wa matengenezo. Mfanyakazi mmoja alizidiwa akiwa kwenye mlango, kwa inavyoonekana akijaribu kuokota roli ya utepe wa gundi iliyoangukia ndani. Mwenzake aliingia kumtoa. Wote wawili walikufa. Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni afundishwe kitu kimoja zaidi ya vingine vyote: akiona mtu ameanguka, haingii. Anapiga kengele na kuita waokoaji wenye mitungi ya hewa. Na mlango wa chombo chenye nitrojeni uwekewe kizuizi hata kama hakuna anayepangiwa kuingia.

7. Kinachoibuka baada ya kufungua

Utakuta usichotarajia, hiyo si bahati mbaya. Kilicho muhimu ni uamuzi upatikane haraka. Mkaguzi aone kifaa ndani ya saa chache baada ya kufunguliwa, aandike alichokiona kwa picha na vipimo, na mhandisi aamue: kitengenezwe sasa, kibadilishwe, au kirudishwe kazini kwa masharti. Tenga mapema sehemu ya saa za mafundi kwa ajili ya kazi hizi. Ratiba iliyojaa hadi ukingoni humwagika kwa tone la kwanza.

Jihadhari na suluhisho la muda linaloonekana jepesi. Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, reakta moja kati ya sita ilipata ufa ikaondolewa, na bomba la kupitisha likaungwa mahali pake kwa mchoro wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyekokotoa nguvu zitakazolipinda. Tarehe 1 Juni mlipuko uliua watu 28. Badiliko lolote la umbo, ukubwa au aina ya chuma, hata la "wiki mbili tu", lipitiwe na mhandisi mwenye sifa kabla halijafungwa.

8. Kuendesha siku na kukabidhiana zamu

Kikao kimoja kwa siku, dakika ishirini, watu wakiwa wamesimama. Kila msimamizi ajibu: kipi kimekamilika, nini kimekwama, unahitaji nini na saa ngapi. Usikubali "tumefika asilimia 80"; hiyo asilimia 80 inaweza kukaa siku tatu. Uliza idadi ya bolti zilizobaki, ya mirija iliyosafishwa, ya beringi zilizofungwa. Muda mwingine wote msimamizi awe kazini, si ofisini.

Kukabidhiana zamu kufanyike mbele ya mashine, kwa maandishi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na pahali pake pamezibwa kwa bamba lisilokazwa vizuri. Kibali cha vali kilikuwa tofauti na kibali cha pampu, na zamu ya usiku haikujua habari ya vali. Pampu ya pili ilipozima, wakawasha ile ya kwanza. Watu 167 walikufa. Somo la kiufundi hapo ni dogo na linatekelezeka: vibali vyote vya kifaa kimoja vikae pamoja ubaoni, na kibali kisichokamilika kisomwe kwa sauti kwa zamu inayoingia.

Kuhusu uchovu: zamu za saa 12 zina mwisho. Panga siku ya kupumzika tangu mwanzo, na usiigeuze kuwa akiba ya ratiba.

9. Kufunga

Kabla mfuniko haujarudi, mtu wa uzalishaji, fundi na mkaguzi waangalie ndani pamoja na kutia sahihi. Wanatafuta tochi, kitambaa, spana, ubao wa jukwaa. Vinapatikana mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Gasketi iliyokwisha kubanwa hairudishwi. Safisha uso wa flanji, angalia mikwaruzo inayokatiza kutoka ndani kwenda nje, paka bolti kilainishi, kisha kaza kwa kuvuka upande hadi upande: mzunguko wa kwanza takriban asilimia 30 ya nguvu inayotakiwa, wa pili 70, wa tatu 100, na mwisho zungukia bolti moja baada ya nyingine mpaka hakuna inayosogea. Fundi anayekaza bolti zote upande mmoja kwanza anaipinda flanji, na uvujaji wake utauona mvuke ukipanda.

Jaribu mgandamizo kwa maji pale inapowezekana, si kwa hewa: hewa iliyobanwa huhifadhi nishati nyingi, na chombo kikipasuka vipande huruka. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu vinahitaji maji yenye kloridi kidogo, na vikaushwe upesi.

Kwa mashine zinazozunguka, beringi ya kupashwa moto isivuke nyuzi 120 za selsiasi, wengi huishia 110, wala isipashwe kwa mwali wa gesi. Kabla ya kulinganisha shafti, legeza bolti za miguu moja moja uone kama mguu unanyanyuka. Ukinyanyuka, weka vipande vya kujazia kwanza, la sivyo vipimo vyako vitabadilika kila ukikaza. Mota za volti 400 pima mega, yaani uwezo wa kihami cha nyaya zake kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500. Chini ya megaomu 5 usiiwashe, kausha kwanza. Kisha igonge swichi kidogo kabla ya kuiunga na pampu, uone inazunguka upande gani. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi mota huzunguka kinyume, na kila baada ya shatidauni kubwa utaikuta walau moja ya namna hiyo.

10. Kuwasha

Gawa kasoro zilizobaki katika makundi mawili: zinazozuia kuwasha na zisizozuia. Anayeamua kasoro iko kundi gani awe mzalishaji atakayeishi nayo, asiwe mkandarasi anayetaka kuondoka. Rudi kwenye daftari la mabamba, hesabu yaliyoingia na yaliyotoka. Kagua kwamba vali za usalama zimerudi, vyombo vya kupimia vimejaribiwa kweli kwa kubadilisha kiwango, na king'ora kinalia.

Hapa ndipo haraka huua. Texas City, 23 Machi 2005, mnara wa kutenganisha mafuta ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa baada ya matengenezo. Kipimo cha kimiminika kilidanganya na king'ora cha pili cha kiwango cha juu hakikulia. Waendeshaji walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Waliokufa ni 15, wote wakiwa ndani au karibu na ofisi za muda za mabanda zilizowekwa hapo kwa ajili ya matengenezo ya mtambo wa jirani. Basi siku ya kuwasha, eneo libaki na wanaohitajika tu, na mabanda yawe mbali tangu siku yanapopangwa.

Tanuri lililojengwa upya lipashwe polepole kwa ratiba ya mtengenezaji, kwa kuwa maji yaliyomo kwenye saruji ya moto yakigeuka mvuke ghafla hupasua ukuta. Weka chujio la muda kwenye mdomo wa kuingizia wa pampu zilizoguswa mabomba yake, na mgandamizo ukianza kushuka, liondoe. Mtu azunguke flanji zote zilizofunguliwa joto linapopanda, akiwa na orodha mkononi.

11. Wiki ya kwanza baada ya kuwasha

Kusanya kumbukumbu kabla wakandarasi hawajatawanyika: unene uliopimwa, nafasi za beringi, sehemu zilizobadilishwa, saa zilizotumika dhidi ya zilizokadiriwa. Kwa kila kazi iliyochelewa andika ilikuwa inasubiri nini, kwa maneno mahususi: "saa nne, kreni", "saa sita, gasketi ya inchi 8". Vipuri vilivyobaki virudi stoo na lebo zake, na vinavyoagizwa kwa muda mrefu viingie kwenye oda wiki hiyo hiyo.